Mahali pa Kufanyia Kazi Nyumbani

Baadhi ya kaka zetu waliosoma shuleni hapa siku hizi hawaendi ofisini. Hufanya kazi za kampuni wakiwa nyumbani, kwa simu na kompyuta. Watu wengi hudhani ya kuwa kazi kama hiyo yataka bidii tu. Mimi pia nilidhani hivyo.

Mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, shule zote za Uganda zilifungwa, wala hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka Januari 2022. Nilikaa nyumbani na vitabu vyangu. Kila asubuhi niliazimia kusoma, na kila jioni ilinikuta sijamaliza hata ukurasa mmoja. Nilisomea kitandani, usingizi ukanishika. Nikahamia sebuleni, huko redio ikisema na wadogo zangu wakicheza. Baba akaniita mvivu, nami nikaanza kumsadiki.

Basi mama akasogeza magunia ya mahindi katika stoo, akaniwekea meza ndogo kando ya dirisha. Akawaagiza wote ya kwamba mpaka saa tano asubuhi nisitumwe wala nisiitwe. Juma lile lile nilimaliza sura mbili za hesabu. Mtu alikuwa yule yule na vitabu vile vile. Kilichobadilika ni mahali.

Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Mwishoni mwa mwaka 2010, kampuni ya Ctrip ya Shanghai, Uchina, ishughulikayo na safari za watu, iliwauliza wafanyakazi wake wa simu ni nani apendaye kufanya kazi nyumbani. Asiye na chumba cha kufanyia kazi hakukubaliwa. Walipatikana 249. Waliozaliwa tarehe za shufwa walifanya kazi nyumbani siku nne kwa juma. Wa tarehe za witiri walibaki ofisini. Baada ya miezi tisa, Profesa Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na wenzake waliona ya kuwa kazi ya wale wa nyumbani ilizidi kwa asilimia 13. Sehemu kubwa ilitokana na kufanya kazi dakika nyingi zaidi. Iliyobaki ni kwa kuwa kila dakika walimaliza simu nyingi zaidi, maana nyumbani palikuwa na utulivu. Lakini jaribio lilipokwisha, karibu nusu yao walichagua kurudi ofisini, na sababu kubwa ilikuwa upweke.

Kwa nini mahali pana nguvu hivyo? Kwanza ni makelele. Maneno ya watu husumbua kuliko mvumo wa mvua, kwa sababu akili hufuata maana yake hata usipotaka. Pili ni mwanga. Dirisha likiwa mbele yako huumiza macho, na likiwa nyuma yako hung'aa katika kioo cha kompyuta. Yafaa liwe ubavuni. Tatu ni joto. Chini ya bati, saa nane mchana kichwa huwa kizito. Basi kazi ngumu ifanywe asubuhi. Nne ni mazoea. Kitandani mwili hungojea usingizi, lakini mezani hujua ya kuwa kazi imeanza.

Labda mtasema, "Sisi hatuna chumba cha ziada." Hata kwetu hakikuwapo, palikuwa na pembe ya stoo na saa chache zilizoheshimiwa na wote. Tena, kazi ikiisha, toka ukazungumze na watu, usije ukashindwa na upweke.

Wenzangu, likizo i karibu. Chagueni pembe zenu mapema, mkapatane na watu wa nyumbani juu ya saa. Nanyi kaka zetu wenye wadogo wanaosoma, kabla hamjamwita mtoto mvivu, tazameni kwanza mahali alipoketi.