Ngumi Isiyotegea

Mwaka 1961 jarida moja la fiziolojia nchini Marekani lilichapisha jaribio ambalo mcheza karate au judo yeyote angependa kulisikia. Watafiti wawili, Michio Ikai na Arthur Steinhaus, waliwataka watu wavute waya kwa mkono, kwa nguvu zao zote, mara moja kila dakika kwa nusu saa. Mashine ilirekodi kila mvuto. Mara kwa mara, mtafiti aliyesimama nyuma alifyatua bastola ya kuanzishia mbio sekunde chache kabla ya zamu ya kuvuta, na mvuto uliofuata uliongezeka kwa wastani wa asilimia 7 hivi. Wavutaji walipotakiwa kupiga ukelele wao wenyewe huku wakivuta, ongezeko lilifika asilimia 12.

Watu hawa walikuwa wameshaambiwa watoe nguvu zote, na waliamini wanazitoa. Hizo asilimia 12 zilikuwa zimejificha wapi?

Ikai hakuwa mgeni katika ulimwengu wa dojo, ukumbi wa mazoezi ya karate na judo. Mwaka 1958 alikuwa miongoni mwa wanafiziolojia waliopima kinachotokea mwilini mcheza judo anapokabwa shingo, utafiti uliochapishwa na Kodokan, makao makuu ya judo mjini Tokyo. Yeye na Steinhaus walieleza kwamba kikomo tunachokihisi si kikomo cha misuli. Mtu hujifunza tangu utotoni kujizuia, na kizuizi hicho hubaki kikifanya kazi hata asipokitaka. Ukelele hukilegeza kwa kitambo kifupi. Walimu wa karate wanaowasisitizia wanafunzi kupiga kiai, yaani ukelele, wanapotupa ngumi walikuwa na jambo la kweli mkononi kabla maabara haijalipima.

Hata hivyo, si sahihi kusema kila mwili una ghala la nguvu lililofungwa kufuli. Mwaka 1954, mjini London, mwanafiziolojia P. A. Merton alijaribu kwenye msuli wa kidole gumba. Aliukaza kadiri alivyoweza, kisha akaichoma neva yake kwa umeme aone kama kuna kilichobaki. Umeme haukuongeza kitu. Kwa hiyo mtu mwenye ari, akitenda tendo dogo analolifahamu vizuri, anaweza kuufikia mwisho wa msuli wake. Tatizo la darasa la karate au judo ni kwamba matendo si madogo, hayajafahamika vizuri, na ari yenyewe hubadilika kulingana na aliyesimama jirani.

Hapo kwenye jirani pana habari ndefu. Katika miaka ya 1880 mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwapa watu kamba waivute, mmoja mmoja, kisha wawili, watatu, hadi wanane. Tuliolelewa na methali ya umoja ni nguvu tungetarajia wanane watoe nguvu ya wanane. Walitoa chini kidogo ya nusu yake. Ringelmann alidhani sababu kubwa ni kutovuta kwa pamoja, na sehemu ya maelezo hayo ni kweli. Lakini mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake nchini Marekani waliliondoa tatizo la kupatana kwa kuwavalisha watu vitambaa vya macho na vipokea sauti vya masikioni, kisha wakawataka wapige kelele kadiri wawezavyo. Aliyeaminishwa kuwa anapiga kelele na mwenzake mmoja alitoa asilimia 82 ya sauti aliyoitoa alipokuwa peke yake. Aliyeaminishwa wapo sita alitoa asilimia 74, ilhali hapakuwa na mtu mwingine anayepiga kelele.

Kiswahili kina neno kamili kwa jambo hili: kutegea. Na pengine hakuna mahali panaporahisisha kutegea kama safu ya watu thelathini wanaopiga ngumi hewani kwa kuhesabiwa. Sauti ya darasa ni kubwa, mikono inakwenda pamoja, na mtu wa safu ya tatu anaweza kupunguza robo ya juhudi yake bila yeyote kugundua, hata yeye mwenyewe. Watafiti hao hao walionyesha mwaka 1981 kwamba watu wakijua mchango wa kila mmoja unapimwa peke yake, kutegea huku hutoweka. Hilo linatupa sababu nzuri ya mwalimu kupita katikati ya safu na kusimama mbele ya mwanafunzi mmoja mmoja.

Lakini mwalimu akishasimama mbele yake, mwanafunzi hufanya nini? Mara nyingi hukosea kwa njia nyingine. Hubana pumzi, hukaza mabega, hukunja uso, na ngumi hutoka nzito na polepole. Msuli unaovuta mkono nyuma umekazwa sawa na ule unaousukuma mbele, na miwili hiyo inapingana. Mwaka 2010 Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, pamoja na wenzake, walipima misuli ya wapiganaji mahiri na kukuta mpangilio tofauti katika mapigo yao. Misuli hukazika ghafla mwanzoni mwa pigo, hulegea kiungo kinaposafiri, kisha hukazika tena wakati wa kugusa. Katikati ya pigo kali kuna ulegevu.

Miaka miwili baadaye, mjini London, watafiti waliwalinganisha watu 12 wenye mkanda mweusi wa karate na watu 12 wasiocheza mchezo huo. Wote walitakiwa kupiga ngumi kutoka umbali wa sentimita tano tu. Wenye mkanda mweusi walipiga kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo ilifuatana na jinsi mwendo wa bega na wa kifundo cha mkono ulivyooana. Picha za ubongo zilionyesha tofauti katika njia za neva za serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu miondoko. Kujitoa kwa miaka mingi huandikwa ubongoni, na kinachoandikwa ni wakati wa kukaza na wakati wa kuachia.

Mwili unaoogopa hauachii. Kutoa nguvu zote, basi, kunahitaji mwili usioogopa. Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, alilielewa hili mapema. Alipoanzisha Kodokan mwaka 1882, katika ukumbi wa mikeka 12 ndani ya hekalu la Eishoji, Tokyo, aliondoa katika mazoezi huru mapigo na mbinu za kuvunja viungo zilizokuwa hatari mno. Wengine wangeweza kuona amelainisha sanaa ya kivita. Matokeo yalikuwa kinyume: kwa kuwa mbinu zilizobaki zilivumilika, wanafunzi waliweza kuzitumia kwa nguvu kamili, dhidi ya mtu anayepinga kwa nguvu kamili, siku baada ya siku. Aliyefundishwa mbinu ya kuua hawezi kuijaribu kikweli hata mara moja.

Msingi wa mpango huo wote ni ukemi, ustadi wa kuanguka. Pasipo ukemi, agizo la kujitoa mzimamzima ni hatari kabisa. Japani yenyewe ililipa gharama hiyo. Ryo Uchida wa Chuo Kikuu cha Nagoya alikusanya kumbukumbu za ajali za shuleni na kuonyesha kwamba zaidi ya watoto 100 walikufa katika judo ya shule tangu mwaka 1983, wengi kwa majeraha ya kichwa, na walioathirika zaidi walikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hawa ndio wasiojua bado kukunja kidevu kifuani ili kisogo kisigonge mkeka. Mara nyingi mtupo uliowaumiza ulikuwa osotogari, unaofyeka mguu na kumwangusha mtu chali, mtupo ambao hufundishwa mapema.

Ufaransa, yenye wacheza judo waliosajiliwa wengi kuliko Japani, humtaka mwalimu anayelipwa awe na cheti kinachotambuliwa na serikali. Katika klabu zake watoto wadogo huanza kwa michezo ya kubiringika na kuanguka: kutoka kuchuchumaa, kisha kutoka kupiga magoti, kisha kutoka kusimama, mkono ukipiga mkeka na kidevu kikiwa kifuani, hadi siku mwenzao atakapoweza kuwatupa kwa nguvu zake zote, nao wakainuka.