Pima Kabla ya Kushona

Wakili wa mshtakiwa aliniuliza swali fupi: "Daktari, jeraha hilo lilikuwa na urefu gani?" Nilikuwa nimeshika PF3, ile fomu ya polisi ambayo majeruhi huja nayo hospitali, na mwandiko ulikuwa wangu mwenyewe: jeraha kichwani, limeshonwa, nyuzi sita. Akaendelea: ni fimbo au panga? Mlalamikaji alikuwa ameshasema panga, mshtakiwa akasema fimbo. Mimi ndiye niliyeliona lile jeraha likiwa wazi, nikalisafisha kwa mikono yangu. Miezi minane baadaye sikuwa na jibu la kumpa hakimu.

Tangu siku hiyo sishiki sindano kabla ya kushika rula.

Mfupa uliovunjika unaweza kupigwa picha leo na ukapigwa tena kesho. Jeraha la ngozi halisubiri. Ukishaliosha na kulishona, kinachobaki ni mstari wa nyuzi, na baada ya wiki chache ni kovu. Sheria inampa mshtakiwa haki ya kutaka daktari aitwe aulizwe juu ya alichokiandika kwenye fomu, na pale kizimbani hakuna jeraha la kwenda kulitazama upya.

Kiswahili kimetupa maneno mawili mazuri ambayo sisi wa hospitali tunayatumia ovyo. Kukatwa ni kazi ya makali: kisu, panga, kioo. Kupasuka ni kazi ya kitu butu, fimbo au jiwe, au ngozi kugonga lami. Tatizo ni kichwa. Ngozi yake imelala juu ya mfupa, kwa hiyo pigo la fimbo linaweza kuipasua kwa mstari ulionyooka hadi ukadhani ni panga. Hapo inabidi usogeze taa, utenganishe kingo kwa vidole viwili, utazame ndani. Jeraha la kupasuka lina kingo zilizopondeka na kuchubuka, na kule chini utaona nyuzi nyembamba za nyama ambazo hazikukatika, zimevuka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Makali hayaachi nyuzi hizo. Kingo zake ni safi hadi chini, na hata nywele huwa zimekatwa. Kutazama hivyo ni kazi ya dakika moja. Mimi sikuitoa.

Sasa tuje kwenye misimbo, zile herufi na namba zinazojazwa kwenye takwimu na kwenye madai ya bima. Inatoka kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, na toleo la kumi, lililoanza kutumika mwaka 1994, ndilo wengi wetu tumelizoea. Ndani yake jeraha wazi la ngozi ya kichwa ni S01.0, liwe la panga au la fimbo. Orodha haitenganishi kukatwa na kupasuka. Tofauti hujitokeza kwenye msimbo wa pili, wa chanzo: X99 ni kushambuliwa kwa kitu chenye makali, Y00 ni kushambuliwa kwa kitu butu. Aliyejikata na kioo kwa bahati mbaya ni W25.

Anayeweka misimbo hiyo mara nyingi ni afisa kumbukumbu, ambaye mgonjwa hakumwona kabisa. Anacho kile nilichoandika, basi. Na hapa lugha yetu inahitaji uangalifu, kwa sababu "mkono" kwetu unaanzia begani hadi ncha za vidole. Orodha imeugawa: bega na mkono wa juu ni S41, kigasha ni S51, kifundo na kiganja ni S61. Nikiandika "jeraha mkononi", afisa anabaki na T11.1, yaani mkono, sehemu isiyotajwa. Mguu nao una shida hiyohiyo.

Kwa wenzetu Marekani urefu wenyewe ni pesa. Malipo ya kushona hupanda kwa hatua, ya kwanza ikiishia sentimita 2.5 na ya pili 7.5, na hutegemea pia kama ulishona ngozi tu au ulishuka tabaka za chini. Majeraha mawili ya kigasha yaliyoshonwa kwa namna moja hujumlishwa urefu, lakini la usoni huhesabiwa peke yake. Asiyepima hana cha kudai.

Lakini mimi sipimi kwa ajili ya bima wala mahakama peke yake. Ukiandika kwa utaratibu unalazimika kutazama kwa utaratibu, na hilo humwokoa mgonjwa. Mwaka jana alikuja kijana wa duka la vioo, kiganja kimefungwa kanga iliyolowa damu. Jeraha lilikuwa dogo, la kushonwa kwa nyuzi nne akaenda zake. Kabla ya ganzi, maana ganzi ikishaingia huwezi tena kupima hisia, nilimgusa pande zote mbili za kila kidole. Kisha nikashika kiungo cha kati cha kidole cha shahada, nikamwambia, "Kunja ncha, mdogo wangu." Akajaribu. Ncha ikabaki imenyooka.

Niliandika hivi: kiganja cha kulia, upande wa ndani, chini ya kidole cha shahada, kukatwa na kioo akiwa kazini, urefu sentimita 3.2; kingo safi; hisia zipo pande zote; ncha ya shahada haikunji. Afisa kumbukumbu akapata misimbo yake mitatu bila kunipigia simu: S61.8 ya jeraha, S66.1 ya kano iliyokatika, W25 ya kioo. Kijana akaondoka na rufaa mchana uleule kwenda kuungwa kano, karatasi ile ikiwa ndani ya bahasha.