Mtoto Aliyejifunza Tusiyomfundisha



Kila mzazi hufurahi aambiwapo kuwa mwanawe amefanana naye. Wageni wajapo nyumbani kwetu hapa Mayfair hunywa chai, humtazama binti yetu wa miaka saba, kisha husema: paji hili la babake, macho haya ya nyanyake wa Mombasa. Nasi hutabasamu. Ila uko mfanano mwingine ambao mgeni hauoni, na ambao sisi wenyewe tuliuona kwa kuchelewa na kwa uchungu. Huo ndio tutakaousimulia, kwani tunadhani hatuko peke yetu.

Siku ya wazazi kukutana na walimu, mwalimu wa darasa, bibi mmoja mpole, alitusifia maendeleo ya mtoto, kisha akatuuliza kama asili yetu ni Durban. Tukatazamana. Akatwambia kuwa ndivyo binti alivyowaeleza wenzake: kwao ni Durban, nyumbani husemwa Kiingereza na Kizulu kidogo, na yeye apenda aitwe Mina. Jina lake ni Mwanamina, jina la nyanyake mzaa baba. Tena mwalimu hakuwa amepata kumwona na mtandio kichwani, ilhali kila asubuhi mamake humfunga kwa mikono yake mwenyewe. Ukifika langoni, kumbe, mtandio huingia mkobani, na saa ya kurudi hutoka.

Tulirudi nyumbani tumefura. Baada ya Magharibi tulimketisha mtoto mbele yetu, tukamsomea orodha ya makosa: umesema uongo, umekana jina, umekana lugha, umekana kwenu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, wala si kwa ufedhuli: "Mbona baba huvua kofia tukikaribia kituo cha teksi? Na mama, simu ya Mombasa ikilia ndani ya gari, mbona haipokei?"

Usiku ule hatukuwa na jibu.

Wenzetu wa Johannesburg wanajua kwa nini kofia huvuliwa. Sisi tulifika mji huu mwaka 2006. Mwezi Mei mwaka 2008 zilianza fujo katika mtaa wa Alexandra, zikaenea mji mzima na nje yake, na zilipotulia watu zaidi ya 60 walikuwa wameuawa. Siku zile mtu alisimamishwa njiani akaonyeshwa kiwiko cha mkono, akatakiwa akitaje kwa Kizulu. Asiyejua neno hilo alijulikana kuwa mgeni, na yaliyofuata yalikuwa makubwa. Sisi tulijifunza kusema "indololwane" kabla hatujajua kuomba maji kwa lugha hiyo. Fujo zilirudi mwaka 2015, zikarudi tena Septemba 2019, binti yetu akiwa bado ananyonya. Basi tukajizoeza kunyamaza ndani ya teksi, kupitisha nauli mbele bila neno, kuweka kofia mfukoni. Tahadhari ya kweli ilikuwa hiyo, na hatuionei haya. Kosa letu ni kwamba hatukumweleza mtoto sababu yake. Yeye aliona kitendo peke yake, akakifasiri kwa akili yake ya miaka saba: mambo yetu ni mambo ya kufichwa.

Mwana wa nyoka ni nyoka, walisema wazee. Sisi tulikuwa tukimtafuta nyoka shuleni.

Lakini hilo lilikuwa nusu ya habari. Kila Jumatatu asubuhi katika shule ile wanafunzi wote hukusanyika, huimba wimbo wa kanisa na husomewa dua ya Kikristo. Shule ni ya serikali, na wazazi wengi wa jamii yetu hawaijui sheria ilivyo, kwa hiyo tuieleze. Sheria ya Shule ya Afrika Kusini ya mwaka 1996, katika kifungu cha 7, inaruhusu ibada katika shule za umma kwa kanuni zilizowekwa na baraza la shule, kwa sharti kwamba ziendeshwe kwa haki baina ya dini, na kuhudhuria kuwe kwa hiari kwa wanafunzi na walimu. Tena Juni 2017 Mahakama Kuu ya hapa Johannesburg, katika kesi iliyozihusu shule kadhaa, iliamua kuwa shule ya umma haiwezi kujitangaza kuwa ni ya dini moja na kuziacha nyingine. Mzazi akitaka mwanawe asiingie katika ibada, ana haki ya kusema hivyo, na sababu hatakiwi aipambe.

Tulikwenda kwa mwalimu mkuu, tukapokewa vizuri. Tukaambiwa mtoto aweza kukaa maktaba pamoja na wenzake wawili. Aliyekataa ni mtoto mwenyewe. Haki iliyo karatasini, mtoto wa miaka saba ataichukuaje peke yake mpaka maktaba, huku darasa zima linamtazama mgongo? Tukamwuliza, basi wenzako wakiimba wewe hufanya nini? Akajibu: "Hufungua mdomo tu. Sauti haitoki."

Mmoja wetu, ambaye ndiye aliyeshika kalamu hii, aliposikia maneno hayo aliinuka akatoka nje. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu alipelekwa shule ya bweni bara, mbali na pwani, na kila Jumapili wanafunzi wote walipangwa safu kuingia kanisani. Naye alifungua mdomo bila sauti. Miaka minne alifanya hivyo, na siku hata moja hakumwambia babake, kwa kuwa babake aliuza ng'ombe wake amlipie karo. Hata mkewe hakuwa amemwambia. Na sasa jambo hilo lililozikwa zaidi ya miaka thelathini limesimama mbele yake, limevaa sare ya shule ya msingi, linadai chakula cha jioni.

Yafaa tuseme neno juu ya Durban, kwa sababu mtoto aliitaja bila kujua alichokitaja. Mwaka 1873 manowari za Waingereza ziliteremsha Durban watu waliookolewa katika majahazi ya biashara ya utumwa. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, lakini kwa kuwa walipitishwa Zanzibar waliitwa Wazanzibari, na jina likawaganda. Baadhi yao walishika dini ya Kikatoliki, wengi wakawa Waislamu. Wadhamini wa Msikiti Juma wa Grey Street waliwapatia Waislamu hao ardhi King's Rest, juu ya mlima wa Bluff, na hapo waliishi mpaka serikali ya ubaguzi ilipowahamishia Chatsworth katika miaka ya 1960. Lugha ya Kimakua ilidumu midomoni mwao vizazi kadhaa, na Uislamu wao upo mpaka leo. Walioteremka pale hawakuwa na shule, fedha wala serikali ya kuwatetea, na majirani zao walikuwa Wazulu na Wazungu wa dini nyingine. Tunapowafikiria, kofia yetu mfukoni inatuwasha.

Tulimpa binti habari hiyo kama hadithi ya kulalia. Akafurahi mno. "Basi sikusema uongo," akasema. Tukamwambia alisema, ila uongo wake ulikuwa na jamaa wa kweli.

Madrasa nako kuna mtihani wake, ingawa ni mwepesi zaidi. Walimu wengi wa Fordsburg na Mayfair ni wa asili ya Kihindi, wenye kufuata madhehebu ya Hanafi; sisi ni watu wa Shafi. Mtoto hurudi kutoka kwa mwalimu wake, wanayemwita Apa, akauliza mbona baba ainua mikono kusoma kunuti katika sala ya Alfajiri, na Apa hasomi. Zamani tungemjibu, nyamaza, usichanganye mambo. Siku hizi tunamwambia kuwa njia zote mbili ni za maimamu wakubwa, na kwamba katika mji wa Cape, karne mbili zilizopita, watoto wa Kiislamu walifundishwa irabu za Kiarabu kwa maneno ya Kimalayu kama sisi tulivyozifundishwa kwa Kiswahili. Hupenda sana kusikia kwamba wako watoto wengine waliokuwa na namna yao.

Tumebadili nini? Baba havui kofia mchana. Akirudi usiku wa manane huivua, na binti ameelezwa sababu, na tofauti ya kujihadhari na kujikana. Mama hupokea simu ya Mombasa, husema maneno machache, kisha humwambia nyanya kuwa atampigia akifika. Baba pia amesimulia mezani habari ya kanisa la shule ya bweni, tangu mwanzo hadi mwisho. Binti alisikiliza kwa makini kuliko alivyopata kusikiliza kisa chochote cha Mtume yeyote, Mola atusamehe, kisha akauliza: "Miaka minne, baba? Hukuchoka?" Baba akasema alichoka sana.

Jumatatu iliyofuata alikwenda maktaba. Jumatatu ya pili hakwenda. Rafiki yake alikuwa akisoma dua mbele ya shule naye alitaka kumsikia. Tumekubali. Darasani sasa anaitwa Mwanamina, ingawa mwalimu hulitamka kwa shida. Mtandio hufungwa kila asubuhi kama kawaida. Siku nyingine hurudi nao kichwani, na siku nyingine, mara mbili tatu kwa juma, mamake huukuta mkobani umekunjwa vizuri sana, pembe kwa pembe, namna baba anavyokunja kofia yake.