Umejenga Kulamawe? Bustani yako ianze na maji

Nyumba imekwisha, mafundi wamelipwa, na sasa watazama uwanja mtupu wa vumbi ukijiuliza upande nini. Jina lenyewe la Kulamawe laweza kumvunja moyo mwenye jembe. Lakini hapa Isiolo kinachoshinda bustani si mawe, ni maji. Mvua hutarajiwa mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na kuna miaka isiyofika. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, kaskazini mwa Kenya ilikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo.

Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kununua miche chukua penseli uchore kiwanja: nyumba, choo, bafu, jiko, na njia yapitapo maji ya mvua. Kisha hesabu paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mabati la mita 50 za mraba likinyeshewa milimita 20 hutoa lita 1,000, ingawa nyingine hupotea njiani. Mboga basi zikae karibu na tangi, si langoni ili kuwapendeza wageni.

Usiinue matuta kama ifanywavyo penye mvua nyingi. Yachimbe yawe chini kidogo, utie samadi, kisha ufunike udongo kwa nyasi kavu. Samadi ya mbuzi si adimu Isiolo. Taabu ni mbuzi wenyewe, na ndiyo sababu ua utangulie mche wa kwanza. Sukuma wiki, mchicha na kunde vyatosha kuanzia. Majani hayo huwapa watoto vitamini A na C, ambazo mlo wa ugali na chai hauzitoshelezi. Maji yaliyooshea vyombo yape mizizi ya mpapai, lakini usiyamwage juu ya mboga.

Upande wa magharibi, jua la alasiri linakopiga nyumba, panda mwarobaini. Mathenge usiuguse. Uliletwa nchini kwa ajili ya kivuli na kuni, ukaishia kuvamia malisho ya Baringo, na miiba yake hujeruhi vibaya.

Jambo linalohitaji uangalifu kuliko yote ni pipa. Mbu aina ya Aedes, aenezaye homa ya dengi na chikungunya, huuma mchana na hutaga mayai katika maji yaliyotulia karibu na watu. Mandera ilikumbwa na mlipuko wa chikungunya mwaka 2016. Penye joto, yai laweza kuwa mbu kwa muda wa wiki moja hivi. Funika tangi kwa wavu mzito, mwaga maji ya sahani za vyungu vya maua, na kila wiki sugua pipa kwa ndani, kwani mayai hugandamana na kuta zake hata maji yakiisha. Iwapo huwezi kufunika mapipa matatu, weka moja.