Ukitumia dawa za Ayurveda, daktari wako ajue

Mgonjwa wa kifafa nchini India anameza fenitoini kila siku, na kifafa kimetulia. Anaongeza shankhapushpi, dawa ya Ayurveda (tiba ya jadi ya India) inayosifiwa kutuliza akili. Kifafa kinarudi. Watafiti walioona hali hiyo kwa wagonjwa wawili waliichunguza kwa panya, na mwaka 1992 wakachapisha matokeo: shankhapushpi ikitumiwa mfululizo hushusha kiwango cha fenitoini kwenye damu.

Mwili hautengi dawa ya hospitali na ya asili. Zote hupita kwenye utumbo, ini na figo zilezile. Guggul, utomvu unaotumiwa kupunguza lehemu, huzuia sehemu ya propranolol, dawa ya moyo na shinikizo la damu, isiingie kwenye damu. Piperini ya pilipili manga, iliyomo katika mchanganyiko wa trikatu, hufanya kinyume: huipandisha. Karela, tunda chungu, hushusha sukari kwenye damu. Ikikutana na vidonge vya kisukari, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Yashtimadhu, mzizi mtamu wa dawa za kikohozi, hupandisha shinikizo la damu na kupunguza potasiamu mwilini.

Kuna pia suala la madini. Tawi la Ayurveda liitwalo rasa shastra hutia zebaki, risasi na madini mengine kwenye dawa kwa makusudi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa mtandaoni. Takriban moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mjamzito asiguse kabisa dawa zenye madini hayo, kwa kuwa risasi humfikia mtoto tumboni na kuudhuru ubongo wake.

Kwa hiyo, uendapo kliniki, beba chupa na pakiti zenyewe, hata za unga usio na lebo. Usiache wala kupunguza insulini, dawa ya kifafa au ya shinikizo la damu bila daktari kukuelekeza. Ukipangiwa upasuaji, sema mapema, wiki kadhaa kabla. Macho yakiwa ya manjano au mkojo ukiwa mweusi, acha dawa za mitishamba na uende hospitali siku hiyohiyo, maana huenda ini limeumia.

Nasi wahudumu wa afya tuna wajibu wetu. Tuulize kila mgonjwa anatumia nini kingine, na tusikilize jibu bila kukaripia. Anayekaripiwa leo atanyamaza kesho, na dawa tusiyoijua hatuwezi kumkinga nayo.