Majibu ya damu yanaposema "kawaida" na wewe una ugonjwa wa moyo

Mzee mmoja alikuja kliniki na karatasi ya majibu ya maabara, ameikunja vizuri ndani ya daftari lake. Miaka miwili kabla alikuwa amepata shambulio la moyo. "Sista," akaniambia, "nimepona. Kila kitu kiko kawaida. Zile dawa za mafuta nimeshaziacha."

Niliisoma. LDL, yaani ile lehemu inayojijenga kwenye kuta za mishipa ya damu, ilikuwa 2.9. Pembeni maabara ilikuwa imechapa "chini ya 3.4". Mzee hakukosea kusoma. Ila mpaka ule haukuwekwa kwa ajili yake.

Namba zinazochapwa pembeni ya majibu huwa ni za watu wote kwa ujumla. Kama umewahi kupata shambulio la moyo, au daktari amekuambia mishipa ya moyo wako imeziba, au ulipata kiharusi kwa sababu mshipa wa damu uliziba, mpaka wako uko chini zaidi. Miongozo mingi ya tiba inataka LDL yako iwe chini ya 1.8, na wataalamu wa moyo wa Ulaya tangu mwaka 2019 wanashauri ishuke chini ya 1.4. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya mishipa yako tayari kuna utando wa mafuta. Utando huo ukipasuka, damu huganda juu yake na njia huziba ghafla. LDL ikishushwa vya kutosha, utando hutulia na haupasuki kwa urahisi.

Na kama majibu ni mazuri wakati unameza vidonge vya statini, ujue ni vidonge vinavyofanya kazi. Ukiviacha, ndani ya wiki chache lehemu hurudi ilikokuwa. Misuli ikikuuma sana tangu uanze dawa, mwambie daktari. Anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha. Usiache kimyakimya.

Angalia pia vizio. Maabara nyingine huandika mmol/L, nyingine mg/dL, na 1.8 ya kwanza ni kama 70 ya pili. Nimeshuhudia mtu na mkewe wakibishana nani ana mafuta mengi, kumbe walipima maabara mbili tofauti.

Haya ya LDL yanahusu zaidi mishipa iliyoziba. Kama tatizo lako ni valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki tangu utotoni, daktari wako ana mambo mengine ya kufuatilia kwanza.

Sasa sukari. Wengi mnajua kile cha kuchoma kidole, ambacho kinaonyesha sukari ya saa hiyo tu. Wapo wanaojinyima chai na wali siku mbili kabla ya kliniki ili majibu yapendeze. Kipimo cha HbA1c hakidanganyiki hivyo. Sukari hunata kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi karibu miezi minne, kwa hiyo kipimo hicho kinasimulia miezi miwili au mitatu iliyopita. Chini ya asilimia 5.7 ni kawaida, kuanzia 6.5 ni kisukari. Katikati ni dalili kwamba unakielekea. Kama una selimundu, upungufu wa damu, au umeongezewa damu karibuni, sema mapema, maana majibu yanaweza kupotosha.

Ukiwa na kisukari na ugonjwa wa moyo pamoja, wengi hulengwa kubaki chini ya asilimia 7. Kwa mzee, au mtu ambaye sukari humshuka hadi kutetemeka na kutoka jasho, daktari anaweza kuridhika na namba ya juu kidogo, kwa sababu sukari kushuka sana ni hatari kwa moyo pia. Na jambo hili naomba ulishike: kisukari cha muda mrefu huharibu neva, hivyo shambulio la moyo linaweza kuja bila maumivu makali ya kifua. Ukiishiwa pumzi ghafla, ukitoka jasho la baridi, ukilegea bila sababu, nenda hospitali wakati huohuo. Usisubiri asubuhi.

Trigliseridi, mafuta mengine kwenye karatasi hiyohiyo, hupandishwa sana na soda, pombe na sahani ya wanga iliyojaa. Lengo ni chini ya 1.7 ukipima kabla ya kula.

Mwisho, kreatinini na potasiamu. Dawa kadhaa za moyo, kama enalaprili na spironolaktoni, zinahitaji figo zifuatiliwe, na potasiamu ikipanda sana huvuruga mapigo ya moyo. Kama unanunua diklofenaki dukani kwa ajili ya magoti, tuambie. Hiyo huumiza figo na moyo kwa pamoja, na mara nyingi tunaijua baada ya majibu kuharibika.

Mzee wangu alirudishiwa vidonge vyake siku ileile. Nilimwandikia kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari, "LDL yangu: chini ya 1.8", akapangiwa kupima tena baada ya miezi miwili na kuja na karatasi zote mbili, ya zamani na mpya.