Homa ya Mtoto: Usingoje Siku ya Tatu

Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya jambo tunaloliona sana hospitalini, hasa wakati wa masika. Mtoto anapata homa Jumatatu. Mama anampa kidonge kilichobaki kabatini tangu mwaka jana. Jumanne homa inashuka, watu wanashukuru. Jumatano inarudi, inanunuliwa dawa nyingine dukani. Alhamisi usiku mtoto anashikwa na degedege, ndipo anapokimbizwa hospitali.

Nimepokea watoto wengi wa namna hii. Wengine tuliwawahi. Wengine walifika viganja vimekuwa vyeupe kwa kuishiwa damu, na hatukuweza kuwaokoa. Mara nyingi zahanati ilikuwa mwendo wa nusu saa tu kutoka nyumbani kwao.

Kwa nini homa haingoji?

Vijidudu vya malaria huingia katika chembe nyekundu za damu, huzaana humo na kuzipasua. Ndiyo maana mtoto mdogo huweza kuishiwa damu katika siku chache. Parasetamo hushusha joto la mwili, lakini haiui kijidudu hata kimoja. Kwa hiyo homa iliyoshuka si lazima iwe imepona.

Tena, dawa za zamani zisitudanganye. Hapa Tanzania klorokwini iliachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa sababu vijidudu vilikuwa vimeizoea. Hata hivyo, bado wapo akina bibi wanaoiulizia!

Anzia zahanati

Wazazi wengine hukaa nyumbani wakitafuta nauli ya kwenda hospitali kubwa. Usifanye hivyo. Mtoto akipata homa, mfikishe zahanati siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi ikiwa homa imeanza usiku na hana dalili za hatari. Zahanati hutumia kipimo cha haraka cha malaria: tone moja la damu ya kidole, na jibu hupatikana kwa muda wa kama dakika 20. Hali ikiwa nzito, mganga atakuandikia barua ya rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali. Sisi tunaompokea mtoto tukiisoma barua hiyo tunajua pa kuanzia.

Unapokwenda, chukua kadi ya kliniki, daftari la matibabu, na dawa zote alizokwisha kupewa, pamoja na maboksi yake. Kama amenyweshwa dawa ya kienyeji, sema. Hatuulizi ili kukugombeza, bali tusije tukamzidishia dawa.

Dalili za hatari

Ukiona moja ya dalili hizi, ondoka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku:

1. Mtoto hawezi kunyonya wala kunywa.
2. Anatapika kila kitu anachopewa.
3. Amepata degedege.
4. Amelegea sana, au haamki vizuri.
5. Anapumua kwa shida, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi.

Mtoto mwenye kikohozi mhesabie pumzi akiwa ametulia, kwa dakika 1 nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, huenda ni nimonia. Basi, kipimo kikionyesha hana malaria, usimlazimishe mganga akupe dawa ya malaria. Mwombe aendelee kutafuta kinachomsumbua.

Degedege si pepo. Mlaze mtoto kwa ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, usimfukize moshi, na umpeleke akatibiwe mara moja.

Akipewa dawa

Dawa mseto ya ALu hutolewa mara 6 kwa siku 3. Dozi ya pili hufuata saa 8 baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni hadi zimalizike. Mpe pamoja na chakula au maziwa, maana mafuta ya chakula husaidia dawa kuingia mwilini. Akitapika mara baada ya kumeza, rudi zahanati uelezwe la kufanya. Akichangamka siku ya pili, usiache, wala usimwekee mdogo wake vidonge vilivyobaki. Endelea kumnyonyesha na kumpa maji mara kwa mara. Akizidiwa, au homa ikiendelea baada ya siku 2, mrudishe.

La kufanya leo

Usiku hauna usafiri, na mtoto haugui kwa miadi. Leo hii, baba na mama, kaeni pamoja. Wekeni kadi na daftari mahali pamoja panapojulikana na kila mtu nyumbani. Tengeni fedha kidogo ya nauli. Zungumzeni na jirani mwenye pikipiki au baiskeli, mkubaliane kwamba mnaweza kumgongea wakati wowote. Chandarua kilichotoboka kishoneni kabla ya jua kuzama.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa homa ya mtoto, ufa huzibwa siku ya kwanza.